Mtu mwenye funguo zote tatu: kisa cha mweka hazina wetu

Kisa hiki kimetokea Unguja, pembezoni mwa mji. Shehia sitaji, kanisa sitaji, na vitu vidogo vidogo nimevigeuza makusudi ili mtu asijulikane. Mwenyewe kasoma kabla sijaweka, kafuta sehemu mbili, nyingine nlotaka kuifuta mie kanambia "hiyo iache, ndo ilivyokuwa". Nimewaandikia wazee wa kanisa, viongozi wa kwaya na vikundi vya akiba, na mtu yeyote alieharibu ambae saivi anapita njia za uani asikutane na watu.

Huyu ndugu ntamwita Baba T. Mama mmoja ntamwita Mama Samaki kwa sababu anauza samaki wa kukaanga, na ukiishi huku utajua wamama wauza samaki ni wengi kwahiyo simtaji mtu.

Tulivyokuwa kabla

Wakristo Unguja tu wachache, kila mtu anajua hilo. Wengi wetu wazee wetu au sisi wenyewe tumetokea bara kwa kazi, hotelini, jeshini, ujenzi, wengine wapo tangu enzi za Mbweni na Kiungani kule walikowekwa watumwa walioachwa huru. Sasa ukiwa wachache unakuwa na ugonjwa fulani, kila jambo baya likitokea ndani wazo la kwanza ni "watu wa nje wasijue". Hilo liweke kichwani maana litarudi.

Tulikuwa na kikundi cha akiba, watu 23, wengi wanakwaya. Tunaweka kila Jumapili baada ya ibada, tunakopeshana kidogo, na mwisho wa mwaka tunagawana, sehemu ilikuwa ya safari ya kwaya Dar na spika mpya. Pesa ziko kwenye kasha la bati lenye kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu tofauti, kasha lenyewe linakaa kwa mweka hazina. Utaratibu mzuri kabisa, tulifundishwa semina tukapewa na soda.

Mweka hazina alikuwa Baba T. Kijana wa miaka thelathini na kitu, anafanya stoo kwenye hoteli moja upande wa kaskazini, mwandiko wake kama chapa, anaimba besi. Yani ukiambiwa chagua mtu wa kushika hela ungemchagua huyo huyo.

Sasa zile funguo. Ya kwanza anayo yeye. Ya tatu alikuwa nayo dada mmoja ambae kapata uhamisho Pemba, siku anaondoka kamkabidhi Baba T "kwa muda". Ya pili alikuwa nayo mzee mmoja wa kanisa, kazi yake ya shifti, Jumapili nyingine hayupo, kikundi kinamsubiri yeye tu na ufunguo wake mpaka saa nane watu wana njaa, mwisho kachoka kachukua ufunguo kampa Baba T kasema "we si mtu wetu bwana, kaa nao".

Huyo mzee ni mimi.

Mambo yalivyokwenda

Aprili masika yameingia, hoteli ikafungwa kama zinavyofungwa nyingi kipindi hicho, wafanyakazi wakaambiwa warudi Juni mwishoni, bila mshahara. Baba T ana watoto watatu, mmoja akapata homa kali wakalazwa. Akachukua 80,000 kwenye kasha. Anasema siku ile mikono ilikuwa inatetemeka kufungua kufuli ya tatu, ya kwanza na ya pili hazikumsumbua. Aliandika kwenye karatasi "nadaiwa 80,000", akaitia ndani ya kasha. Ile karatasi tuliikuta baadae.

Mara ya pili hakuandika karatasi.

Kufikia Mei kashachukua kama laki tano za matumizi ya nyumbani, chakula tu, hakuna anasa. Hapo ndo likaingia la pili. Jamaa wa maskani wakamuonesha kubeti kwenye simu, mkeka (tiketi ya kubeti) wa 5,000 ukaleta 64,000, akairudisha yote kwenye kasha akajisikia kama Mungu kamjibu maombi. Ananambia "mzee, sikuwa nacheza kamari, nlikuwa narudisha pesa za kanisa". Kila mkeka ulikuwa wa kurudisha. Mpaka sizoni inaanza Julai, kasha lina karatasi moja na sarafu. Zimekwenda 3,870,000.

Daftari lakini lilikuwa safi. Alikuwa anaandika kila Jumapili, jina, kiasi, jumla, na mstari kwa rula. Nimelishika mkononi lile kaunta buku, kuanzia Juni kalamu imebadilika kutoka bluu kwenda nyeusi na mwandiko umezidi kuwa mzuri. Mtu akianza kuandika vizuri kuliko kawaida yake mwangalie.

Agosti mwalimu wa kwaya kaenda kuchukua nauli za boti. Baba T simu imezimwa, mkewe anasema kaenda msibani Mkoani, Pemba. Siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu mkewe akaja kwangu usiku, kakaa barazani hataki kuingia, kasema "baba, hayupo Pemba, yupo chumbani, hali chakula". Akalia. Na yeye kajua wiki ile ile, kwa kuokota meseji.

Alichokuwa hajui mkewe ni kwamba siku moja kabla Baba T alikwenda bandarini Malindi na begi, kakata tiketi ya boti ya Dar, kakaa pale kwenye viti mpaka boti ikaondoka. Nlimuuliza kwanini hukupanda. Kasema hakujua akishuka upande wa pili ajiite nani.

Tulichoamua mwanzo, na kwanini

Wazee tulikaa saa nne nzima. Mmoja alitaka polisi. Mmoja alitaka aondoke kimya kimya ahame usharika na sisi tuseme kikundi kimevunjwa. Mchungaji akaja na la tatu, asimame Jumapili atubu mbele ya kanisa, tumsamehe, tufunge ukurasa. Tukalishika hilo. Kwa maneno tulisema ni kwa ajili ya neema. Nikiwa mkweli sababu zilikuwa mbili, kwanza polisi maana yake mtaa mzima utajua Wakristo wameibiana, pili lilikuwa linaisha siku moja. Na kwa upande wangu kulikuwa na ya tatu, likiisha haraka hakuna atakaeuliza habari za funguo.

Jumapili ikafika. Baba T kapiga magoti, kasema kwa sauti ndogo, mchungaji kamuinua, kamkumbatia, kwaya ikapiga pambio, watu wakapiga makofi na vigelegele. Mchungaji akasema "imekwisha, asiwepo wa kulitaja tena". Kwenye grupu la WhatsApp watu wakaweka mikono ya sala mpaka jioni.

Nilirudi nyumbani na furaha kweli. Nilidhani nimeona neema.

Kilichotokea baada ya vigelegele

Baba T hakurudi kanisani. Wiki mbili, mwezi, miezi mitatu. Tukaanza kusema "basi hakutubu kwa dhati". Alichokuja kunieleza baadae ni kwamba siku ile wanashangilia alijisikia kama yuko kwenye maziko yake mwenyewe na watu wana haraka wakale. Jumapili hiyo hiyo akitoka, wanakikundi wanne walimpa mkono bila kumtazama. Alisamehewa na hakuna alieongea nae.

Upande mwingine watu 23 hawana hela zao na wamekatazwa kulitaja. Mama Samaki alikuwa na 420,000 mle ndani, anatafuta friza maana samaki wake wakibaki wanaoza. Akamwambia mchungaji mlangoni, mbele yangu: "Baba mchungaji, mmesamehe hela yangu bila kuniuliza." Mchungaji akamjibu habari za kusamehe saba mara sabini. Mama akasema sawa baba, akaondoka.

Alienifungua macho ni jirani yake Baba T, bibi mmoja Muislam, mtu mzima, huyu ndo alikuwa anapeleka sahani ya chakula pale kwa watoto wakati sisi tunapeleka emoji. Novemba nilikwenda kumgongea Baba T hakufungua, bibi akanita barazani kwake akanipa chai. Alikuwa anajua kila kitu tangu Agosti, alisikia ugomvi usiku na hakumwambia mtu, amemsitiri jirani yake. Hiyo siri yetu tuliyokuwa tunailinda na watu wa nje, wa nje ndo alikuwa anailinda vizuri kuliko sisi. Nikamwambia kwa fahari kidogo, bi mkubwa, sisi tumeshamsamehe. Akanitazama. Akasema:

"Mwanangu, kwetu hata maiti hatumuondoi mpaka watu waulizwe, nani anamdai, nani atalichukua deni lake. Nyie huyu yu hai hamjamuuliza?"

Sikuwa na jibu. Chai nikainywa ya moto hivyo hivyo.

Uamuzi wa pili, ambao si wa kamati

Niliyasema haya kwa Mama Samaki, sikumtuma, nilikuwa nalalamika tu. Wiki moja kabla ya Krismasi alimaliza kuuza mapema, akafunga samaki wawili kwenye gazeti, akachukua kaunta buku jipya, akaenda. Hakugonga, alikaa ukutani nje akaita kwa jina la mtoto mpaka mtu katoka. Maneno yake kwa Baba T nimeyapata kwa wote wawili na yanafanana:

"Sikuja kukusamehe. Nimekuja tuhesabu. Kwanza kula."

Wakala. Halafu akamuandikisha jina moja moja, na kila jina akamtaka ataje pesa hiyo ilikuwa ya nini. Friza. Karo ya skuli. Bati za nyumba. Nauli ya kwenda kumuona mama yake Kigoma. Majina 23, ilikwenda mpaka Isha inaadhiniwa. Baba T anasema ile ndo toba yake, pale kanisani alitubia "pesa za kikundi", pale ukutani akatubia friza.

Wakapatana hivi: auze Vespa yake (ilitoka 600,000, ikagawiwa wote), na kila mwezi atoe kadiri ya sizoni, kidogo hoteli zikilala, zaidi zikiamka. Alipe mwenyewe kwa mkono, mlango kwa mlango, asitume kwa simu. Na jioni asizokuwa kazini akae pale kwenye jiko lake Mama Samaki, apulize mkaa, akaange, aoshe sufuria. Hela hashiki, anapokea mtoto wa mama.

Nlipopata habari nikamfuata mama nikasema na mie ntoe laki mbili, maana ufunguo ulikuwa wangu. Akakataa. "Ukimlipia atabaki mwizi aliyelipiwa. Wewe nenda kwa hao 23 ukaseme habari ya ufunguo wako." Nimekwenda. Sitaki kuieleza sana ila kuna nyumba nilisimama mlangoni dakika kumi sijabisha hodi, na mie sikuiba kitu. Ndo nikajua bandarini kulikuwaje.

Matokeo mpaka saivi

Imepita miezi 26. Amelipa 3,240,000 pamoja na ile ya Vespa. Watu wawili walisema yao imetosha acha, jumla 310,000. Imebaki 320,000. Mmoja katika 23 alifariki kabla hajamaliziwa, akampelekea binti yake, binti akasema sijui hata kama mama alikuwa na pesa kwenye kikundi, akamuonesha mstari kwenye daftari.

Si hadithi nyoofu. Januari ya mwaka wa kwanza alibeti tena, 90,000, zote zikaenda. Safari hii alikuja kusema siku ile ile, kabla hajaulizwa, kasimama mbele ya jiko na simu mkononi. Mama Samaki hakupiga kelele, kachukua simu kampa mkewe, kwa mwaka mzima Baba T alitembea na kisimu cha tochi. Mwezi ule malipo yalikuwa hakuna na kila mtu aliambiwa kwanini.

Kanisani alirudi kimya Pasaka ya mwaka wa pili, anakaa benchi la nyuma karibu na dirisha. Kwenye kwaya karudishwa kuimba. Uweka hazina hajarudishwa na hataki, siku mtu alipotania kumpa ufunguo alitoka nje.

Uchambuzi

Nianze na tulichokosea kabla, maana ni kifupi. Kufuli tatu kwenye mkono mmoja ni kufuli moja. Mie na yule dada wa Pemba hatukuiba ila tulimuacha mtu mwenye njaa peke yake na pesa, halafu tukashangaa. Kumuamini mtu si kumuondolea ulinzi. Na kuhusu kubeti, kanisani tulikuwa tunahubiri pombe kila mwezi, habari za mikeka hakuna aliegusa, wakati vijana nusu ya kwaya walikuwa nayo mfukoni.

La msamaha ndo refu. Kuna wanaosema kosa letu ni kusamehe, ingekuwa polisi angejifunza. Mie sikubali. Kosa ni kwamba tulisamehe kisichokuwa chetu. Deni lake kwa Mungu mchungaji alikuwa na haki ya kulitangazia msamaha, ndo kazi yake. Deni la friza lilikuwa la Mama Samaki. Tulichanganya madeni mawili, na kumbe hata aliesamehewa alikuwa anajua hayo ni mawili, ndo maana pambio halikumuingia.

Mchungaji wetu (na nimuheshimu hapa, yeye mwenyewe ndo alieomba hili liandikwe) aliuliza swali gumu: kama Kristo kashalipa yote, hizi laki za kila mwezi si tunarudi kwenye sheria? Tukamsoma Zakayo, yule mtoza ushuru, Luka 19. Tazama mpangilio. Yesu anamuita ashuke mtini, anasema leo ntakaa kwako, watu wananung'unika, na Zakayo bado hajaahidi hata senti. Baada ya mgeni kuingia ndani ndo anasimama na habari za kurudisha mara nne. Hakulipa ili Yesu aje. Mama Samaki alisema "kwanza kula" kabla hajafungua daftari, na sidhani alikuwa anawaza Luka, alikuwa anaona mtu kakonda. Lakini mpangilio ni ule ule. Sisi tulifanya vya kuruka, hatukula nae na hatukuhesabu nae.

Halafu kuna Petro na Yuda, hapa nimekaa sana. Wote wawili walianguka usiku mmoja. Tunapenda kusema Petro alitubu Yuda hakutubu, lakini soma Mathayo 27: Yuda alijuta, alikiri kwa mdomo kwamba amekosa, na pesa alirudisha zote thelathini. Kwa kipimo cha kamati yetu Yuda alifanya kila kitu! Ila aliwarudishia watu wa ofisi, wakamjibu yatuhusu nini, shauri lako, na akishaondoka wao wanajadili kama ni halali hizo pesa kutiwa kwenye sanduku la sadaka. Mtu anakwenda kufa, wao wanajadili mahesabu. Petro hakurudisha kitu. Yeye alifuatwa. Yohana 21, wanatoka ziwani asubuhi, wanakuta pwani moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Na Yohana keshautaja moto wa makaa mara moja kabla, sura ya 18, ule ambao Petro alikuwa anaota wakati anamkana. Kwahiyo Bwana kamuwashia moto ule ule, kamlisha kwanza, halafu ndo kamuuliza, mara tatu, mpaka Petro akahuzunika. Hakumrukisha ile huzuni. Na akampa kazi.

Jiko la mkaa na samaki kwenye kisa hiki sikuvipanga mimi, ndivyo ilivyokuwa, Mama Samaki nilipomuonesha hiyo sura alicheka kasema "basi Bwana nae alikuwa muuza".

Naogopa nikifikiria Baba T angekuwa Yuda kwa urahisi gani. Alijuta. Alikiri. Sisi tulikuwa ofisi. Paulo kwenye Wakorintho wa pili sura ya 2 anasema adhabu imetosha, sasa mmsamehe na kumfariji asije akamezwa na huzuni yake, sisi kati ya hivyo vitatu tulichukua cha katikati kwa sababu ndo rahisi.

Kuna kitu Baba T aliniambia ambacho sikukitegemea. Kabla ya haya, hotelini walikuwa wakimtoa na wageni kuwaleta mjini, anawapeleka Mkunazini kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa, lilipofungwa 1873 jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka ule ule. Mle ndani karibu na pa kubatizia kuna nguzo zimesimamishwa juu chini. Husimuliwa kwamba mafundi walizikosea askofu Steere hayupo, na zikaachwa hivyo. Alikuwa anawasimulia wageni wanacheka wanapiga picha. Sasa akienda pale hakai muda, anazigusa tu anatoka.

Kilichofanya kazi, ukiniuliza: kula kabla ya hesabu, majina badala ya jumla, kulipa kwa mkono, kazi isiyo na pesa, na kuruhusu watu wasisamehe haraka. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kwa mchungaji. Kati ya wale 23 wako ambao mpaka leo ni salamu tu. Na mkewe tulimsahau kabisa, miezi ile mitano hakuna alieuliza huyu mama anakula nini na watoto isipokuwa bibi wa jirani, hilo hatujalilipa na sijui tunalilipaje.

La mwezi uliopita

Kuna dada mmoja alikuwa hajawahi kumjibu hata salamu, miaka miwili na zaidi. Baba T akipeleka, anapokea mtoto mlangoni, yeye yuko ndani anasikika anapiga pasi. Mwezi uliopita kapeleka 15,000, hajafika hata kona mtoto anamkimbilia nyuma, mama kasema pungufu elfu mbili.

Ni kweli, ilikuwa pungufu elfu mbili, noti zilinata. Akarudi akalipa. Jioni pale jikoni anapuliza mkaa anacheka peke yake, Mama Samaki anamuuliza we baba una nini leo, akasema "kaongea na mimi".